Mabawa kwa Kibali: Historia Fupi ya Kuruka Ndani ya Gemu

Leo tuweke hifadhidata kando, tuongee gemu. Kuna swali ambalo kila mwanaprogramu anayecheza gemu za mtandaoni lazima liwe limempitia kichwani: kwa nini gemu ninayoilipia kila mwezi inaninyima kitu ambacho tayari kimo ndani ya kompyuta yangu?

Siongelei upanga mkali wala ushindi. Naongelea vitu vya kurahisisha maisha, kama kipando cha haraka, njia ya mkato au stoo ya ziada. Msimbo wa kuruka umeshaandikwa na picha za ndege ziko kwenye diski yako. Kinachokosekana ni swichi moja tu kwenye seva, inayosema: huyu bado, hajamaliza hadithi.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko intaneti tunayoijua. Final Fantasy ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1987, ilikupa meli, kisha mtumbwi, na baadaye kabisa meli ya angani, kila kimoja kwa wakati wake katika hadithi. Pokémon za mwaka 1996 zilikuruhusu kuruka kutoka mji hadi mji ukishapata beji ya kiongozi wa tatu. Hakuna aliyelalamika sana. Muuzaji alikuwa ameshapokea pesa yake dukani, na ukichelewa wiki moja au mwaka mzima kupata ile meli, hapungukiwi wala haongezewi shilingi. Hesabu ilibadilika gemu zilipoanza kulipiwa kwa mwezi.

Mfano bora ni World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard, iliyoanza Marekani Novemba 2004 kwa dola 14.99 kwa mwezi. Mwanzoni hakukuwa na kuruka kwa hiari. Ulitembea kwa miguu hadi leveli ya 40 ndipo ukanunua kipando cha ardhini, na ukitaka kwenda mbali ulipanda mnyama wa kukodi aliyefuata njia moja tu angani, kama treni kwenye reli. Sababu ilikuwa ya kiufundi. Dunia ile ilijengwa itazamwe kutoka chini. Nyuma ya milima kulikuwa na sehemu ambazo hazikumalizwa: ardhi tambarare isiyo na kitu, mashimo, majengo yenye ukuta wa mbele tu. Kama umewahi kuona seti ya kupigia filamu unajua ninachosema. Kumpa mchezaji mabawa kungekuwa kumwonyesha mbao zinazoshikilia ukuta.

Tarehe 16 Januari 2007 likatoka toleo la nyongeza, The Burning Crusade, na bara jipya la Outland lililojengwa likijua kwamba watu watalitazama kutoka juu. Hapo ndipo kuruka kulipoanza. Masharti yalikuwa mawili, ufike leveli ya 70 na uwe na dhahabu. Mafunzo ya kipando chenye kasi yaligharimu dhahabu 5,000, na watu walikesha wakichimba madini ndani ya gemu ili kuzipata. Kuruka kwenyewe kulikuwa na kazi: ngome ya Tempest Keep ilining'inia hewani na hukuweza kuifikia kwa miguu. Hadithi haikuulizwa kabisa. Ukiwa na pesa na leveli, unapaa.

Mwaka 2008, katika Wrath of the Lich King, ukaambiwa urudi darasani. Eti Northrend kuna baridi, kwa hiyo mabawa yako ya 2007 hayafai mpaka leveli ya 77 na ulipe dhahabu 1,000 ujifunze kuruka kwenye baridi. (Jamaa aliyebuni kisingizio hicho angefanya vizuri sana kwenye idara ya kutoza ada.) Desemba 2010, Cataclysm ikajenga upya yale mabara ya zamani ili yaweze kurukwa, kazi kubwa ajabu kwa timu yoyote ya programu, na kibali chake kikawa dhahabu 250 tu. Mwaka 2012, Pandaria ikarudia mtindo wa leveli: ufike 90 kwanza.

Hadi hapo kufuli ilikuwa bei. Iligeuka kuwa hadithi baada ya vurugu za Draenor.

Warlords of Draenor ilitoka Novemba 2014 bila kuruka. Wachezaji walikuwa wamedokezewa kwamba huenda kungekuja katika toleo kubwa la kwanza baada ya uzinduzi, wakasubiri. Mei 2015 Ion Hazzikostas, aliyekuwa mbunifu mkuu wa gemu hiyo, akaliambia jarida la mtandaoni la Polygon kwamba hakuna mpango wa kuruka Draenor, wala katika maeneo mapya yatakayofuata. Moto ukawaka. Tarehe 10 Juni 2015, wiki chache tu baadaye, Blizzard ikarudi nyuma: kuruka kutakuja, lakini kwa atakayepata tuzo iitwayo Draenor Pathfinder. Ulitakiwa uzuru bara zima, umalize hadithi za maeneo yake, ufukue hazina 100, na upate imani ya makundi matatu ya msitu wa Tanaan. Swichi iliwashwa mwanzoni mwa Septemba mwaka huo.

Watu hupenda kusimulia kwamba kukosa mabawa ndiko kulikoua Draenor. Tarehe zinakataa. Blizzard ilitangaza kupita wanachama milioni 10 baada ya uzinduzi wa Novemba 2014. Kufikia mwisho wa Machi 2015 walikuwa milioni 7.1, na mwisho wa Juni milioni 5.6. Anguko kubwa lilitangulia yale mahojiano ya Mei. Watu walikuwa wameshachoka kwa sababu hapakuwa na mengi ya kufanya. Suala la kuruka lilikuja juu ya uchovu huo. Mwishoni mwa mwaka 2015 kampuni ikasema haitatangaza tena idadi ya wanachama, kwa hiyo mchoro wetu unaishia hapo.

Sasa nitawaudhi baadhi yenu, maana nadhani wabunifu walikuwa na hoja. Mabawa yanageuza ramani kuwa orodha ya nukta. Unapaa, unashuka juu ya nukta, unafanya kazi, unapaa tena. Ile njia nyembamba ya mlimani, shambulio la kuvizia, mdomo wa pango uliofichwa nyuma ya maporomoko, vyote hivyo vilichorwa na mtu kwa miezi kadhaa, na mchezaji anavipita kwa juu bila kugeuza shingo. Nikiwa ndiye niliyechora ningeumia.

Lakini mchezaji naye ana hoja, hasa yule mwenye mhusika wa pili na wa tatu. Mara ya kwanza, majabali ya Gorgrond ni safari. Mara ya nne ni foleni ya Thika Road saa kumi na moja jioni. Kitu kilekile kina thamani mbili tofauti kutegemea kama umeshakiona, na leveli haiwezi kutofautisha hao wawili. Dhahabu haiwezi pia, maana tajiri anaweza kupaa kabla ya kuona chochote. Hadithi inaweza. Aliyemaliza hadithi ya eneo ametembea eneo hilo, na seva ina rekodi. Kwa kuwa Pathfinder iliandikwa kwenye akaunti nzima badala ya mhusika mmoja, ulitembea mara moja tu na wahusika wako wote wakapata mabawa, mradi wawe wamejifunza kuruka. Kwa mtazamo wa programu hilo ni suluhisho safi. Inashangaza kwamba lilizaliwa kutokana na aibu.

Lililoharibu mambo ni kalenda. Legion ilipotoka 30 Agosti 2016, Pathfinder iligawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ungeweza kuianza siku ileile. Ya pili ilihitaji maudhui ya toleo la 7.2, lililotoka Machi 2017. Battle for Azeroth ya Agosti 2018 ikafanya vilevile, na sehemu yake ya pili ikaja na toleo la 8.2, Juni 2019. Hesabu mwenyewe: miezi 7, kisha miezi 10. Shadowlands ya Novemba 2020 ilisubiri toleo la 9.1 la mwisho wa Juni 2021, na sura zake za hadithi zilifunguliwa wiki kwa wiki. Hata ungekesha usiku kucha, ufunguo haukuwepo. Ulikuwa haujachongwa. Anayelipa dola 15 kwa mwezi alilipa kati ya dola 100 na 150 kabla mhusika wake hajainua miguu juu ya ardhi mpya. Sisemi alilipia kuruka peke yake, alipata mengine mengi. Ila hapo kufuli ilikuwa imeacha kuuliza "umeona?" ikawa inauliza "bado unalipa?"

Linganisha na jirani yake. Juni 2015, siku chache baada ya Blizzard kusalimu amri, Square Enix ya Japani ilitoa Heavensward, nyongeza ya kwanza ya Final Fantasy XIV, chini ya uongozi wa Naoki Yoshida. Kuruka kulikuwemo siku ya kwanza, na kulifungwa kwa hadithi siku hiyohiyo. Wakati huo kila eneo kubwa lilikuwa na mikondo 15 ya nguvu: 10 imetawanywa ardhini uitafute na dira, na 5 inayotolewa na misheni, baadhi yake ikiwa misheni ya hadithi kuu. Ukiikamilisha yote, eneo hilo moja linafunguka. Ulikuwa ukiona orodha, ukijua kilichobaki, na mwendo ulikuwa wako. Kwa yale maeneo ya msingi ya mwaka 2013, kuruka kuliletwa Agosti 2020 katika toleo la 5.3, kwa yeyote aliyekwisha kumaliza hadithi ya kwanza. Toleo hilohilo lilipunguza misheni za hadithi hiyo, kwa sababu watu walikuwa wakizilalamikia kwa urefu.

Huko nako si peponi. Hadithi ikishakuwa mlango wa kila kitu, yaani miji, vipando na mapango ya kucheza na marafiki, yule anayeanza leo akitaka kuwafikia wenzake ana mamia ya misheni mbele yake. Tangu Juni 2017 Square Enix inauza kitabu cha kuruka hadithi kwa pesa halisi. Mtu ananunua gemu ya hadithi, kisha ananunua haki ya kutoisoma. Hilo sijawahi kulielewa vizuri, ingawa najua watu waliolinunua na hawajutii.

Blizzard waliachana na kusubirisha watu mwaka 2022. Dragonflight ilikupa joka la kupanda karibu tu unapowasili visiwani, lakini kuruka kwenyewe kulibadilishwa. Joka lina uzito na mwendo: unapiga mbizi upate kasi, unainuka ukiitumia, na ukikosea unatua mahali usipopataka. Uwezo wa ziada uliupata kwa kukusanya alama zilizowekwa juu ya vilele na minara, kwa hiyo ulilazimika kuitazama ramani ili upae vizuri zaidi. Lile tatizo la nukta halikuisha, ila safari kati ya nukta mbili ikawa kitu cha kufanya. Mtindo wa zamani, wa kuelea polepole kama puto, ulirudishwa visiwani Novemba 2023, na ndio uliowekewa Pathfinder. Januari 2024 majoka yale yakaruhusiwa kwenye mabara ya zamani pia, ikiwemo Draenor, na Agosti mwaka huo The War Within ikafunguliwa huku watu wakiwa angani tangu mwanzo.