Ile Namba Chini ya Picha

Najua nimekaa kimya karibu mwezi mzima. Kazi zimekuwa nyingi, na umeme wa mtaa wetu nao una mambo yake. Leo sitaandika kuhusu lugha za programu. Nataka tuzungumze kuhusu laiki, yaani kile kidole gumba na ule moyo mwekundu, na hasa ile namba inayokaa kando yake. Nimekuwa nikiiwaza tangu mama mmoja wa Machakos aliponiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Nitamfikia huyo mama. Kwanza tuanze mbali kidogo.

Kabla ya laiki kulikuwa na kihesabio cha wageni. Wale mliowahi kuziona kurasa za wavuti za miaka ya 1990, hasa zile za GeoCities, mtakumbuka kisanduku kilichokaa chini ya ukurasa, kina tarakimu kama za mita ya gari, kinakwambia wewe ni mgeni wa ngapi. Kazi yake ilikuwa rahisi mno. Kila ukurasa ulipofunguliwa, programu ndogo kwenye seva, mara nyingi imeandikwa kwa Perl, ilifungua faili, ikasoma namba iliyomo, ikaongeza moja, ikaihifadhi, kisha ikarudisha picha ya tarakimu hizo. Basi. Haikujua kama mgeni alisoma ama alikimbia. Ukiufungua ukurasa upya mara ishirini, wewe peke yako umekuwa wageni ishirini. Na mwenye ukurasa aliweza kuanzisha hesabu popote alipotaka, kwa hiyo mjanja alizindua tovuti yake ikiwa tayari na wageni elfu tano. Mimi simlaumu. Nani anataka kufungua duka halafu kibao cha mlangoni kiwaambie watu kwamba huyu ni mteja wa tatu tangu Krismasi?

Tayari hapo unaona jambo. Namba ile haikumsaidia mgeni kitu chochote. Ilikuwa ni uso wa mwenye nyumba.

Slashdot, ile tovuti ya habari za teknolojia iliyoanzishwa mwaka 1997, ililiona hilo mapema. Walikuwa na mfumo wa wasomaji kupimana maoni, na kila mtu akapewa alama zake zilizoitwa karma. Shabaha ilikuwa ya kimashine kabisa: programu ijue nani aaminiwe kusimamia mazungumzo. Lakini watu ni watu. Wakaanza kuzichezea kama alama za mchezo wa video, na mwishowe wenye tovuti wakaiondoa namba na kuweka maneno ya jumla tu, kama vile nzuri au bora. Kumbuka hiyo, maana wakubwa waliokuja baadaye walichukua zaidi ya miaka kumi kufikiria kitu kama hicho.

Oktoba 2000 ikaja Hot or Not, ya wahandisi wawili wa California, James Hong na Jim Young. Unaweka picha yako, watu wasiokujua wanakupa alama kuanzia 1 hadi 10 kwa sura, unaonyeshwa wastani. Wastani wa uso wako, na desimali juu! Oktoba 2003 Mark Zuckerberg akatengeneza Facemash pale Harvard, picha mbili za wanafunzi zikiwekwa kando kwa kando uchague nani mzuri zaidi, ikafungwa baada ya muda mfupi. Digg ikaja na kura zake mwaka 2004, Vimeo wakaweka laiki kwenye video mwaka 2005, na FriendFeed wakaweka yao Oktoba 2007. Kwa hiyo anayekuambia Facebook ndio waliobuni laiki, mwambie apunguze.

Lakini ya Facebook ndiyo iliyotufikia sisi, na historia yake inavutia kwa sababu waliohusika wameisimulia wenyewe. Mwaka 2007 kikundi kidogo cha wafanyakazi, wakiwemo Leah Pearlman, Justin Rosenstein na Andrew Bosworth, walikuwa na tatizo la kawaida sana. Mtu akiandika kwamba amepata mtoto au kazi, chini yake kunajaa "hongera", "hongera", "hongera sana", na maoni yenye maana yanapotelea humo. Wakataka kitufe kimoja cha kubeba hongera zote. Mwanzoni walikiita kwa neno la Kiingereza "awesome", kwetu tungesema "safi sana". Zuckerberg hakukipenda, na kilikaa kwenye rafu zaidi ya mwaka. Moja ya hofu ilikuwa kwamba watu wataacha kuandika maoni, watabonyeza tu na kupita. Walipokijaribu wakakuta kinyume chake: maoni yaliongezeka. Tarehe 9 Februari 2009 kikazinduliwa.

Mwandishi wa programu akisoma hadithi hiyo anatingisha kichwa, maana anaijua. Hakuna mtu pale aliyekaa chini kupanga kupima thamani ya binadamu. Walikuwa wanapunguza vurugu kwenye skrini. Hongera kumi zilipokusanywa mahali pamoja, zikawa 10. Ila hongera kumi na namba 10 si kitu kimoja. Hongera ya shangazi unajua ni ya shangazi. Kumi inaweza kulinganishwa na ishirini na tano ya jirani.

Mwaka huohuo wa 2009 Facebook ikafunguliwa kwa Kiswahili, na hapa nina kijambo changu. Kiingereza kina neno moja la kupenda kidogo na lingine la kupenda kwa moyo wote. Sisi tuna "kupenda" tu. Napenda chapati, nampenda mama yangu. Pengine ndiyo maana wengi wetu tuliamua kusema "laiki", na kijana akikuomba husikii "nipende", unasikia "nilaikie bana". Neno la kuazima lilitusaidia kutodanganyana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Aprili 2010 kitufe kikaruhusiwa kwenye tovuti yoyote duniani, na Oktoba mwaka huohuo Instagram ikaja na moyo wake. Mimi nilijiunga nikiwa shule ya upili, kwa simu ya kabambe ya binamu yangu, wakati wa likizo. Nakumbuka niliweka picha nimevaa koti la kuazima, nikapata laiki nne, mojawapo yangu mwenyewe. Niliifuta kabla ya jioni.

Sasa, je, ile namba inapima nini? Swali hili lilijibiwa vizuri hata kabla laiki haijaenea. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha kwenye jarida la Science jaribio lililohusisha zaidi ya watu 14,000. Walichukua nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakaziweka kwenye wavuti watu wazisikilize na kupakua. Kikundi kimoja hakikuonyeshwa namba yoyote. Wengine waligawanywa katika "dunia" nane, na kila dunia iliona idadi ya vipakuliwa vya dunia yake tu. Nyimbo zilezile, siku ileile moja ya kuanza, zote kwenye sifuri. Matokeo? Kila dunia ilizaa mastaa wake. Kuna wimbo uliokuwa wa kwanza katika dunia moja, na katika nyingine ulikuwa wa 40 kati ya 48. Nyimbo nzuri sana hazikuanguka kabisa na mbovu sana hazikupanda sana, lakini zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, zilibebwa na bahati ya wale wasikilizaji wachache wa kwanza.

Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor wakafanya jambo dogo zaidi. Kwenye tovuti moja ya habari waliyapa baadhi ya maoni kura moja tu ya bandia mara yalipochapishwa, bila kuangalia yamesema nini. Moja tu! Maoni hayo yalimaliza na alama za juu kwa wastani wa asilimia 25 kuliko yale yaliyoachwa bila kuguswa.

Na ndani ya kichwa chetu? Mwaka 2016 watafiti wa UCLA waliwaweka vijana zaidi ya 30 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha picha, zikiwemo zao wenyewe, kwa mfano wa Instagram. Kijana alipoona picha yake ina laiki nyingi, sehemu za ubongo zinazohusika na zawadi zilichangamka. Laiki zenyewe zilikuwa zimepangwa na watafiti. Hakuna aliyempenda wala kutompenda mtu, lakini ubongo ulipokea.

Basi tufike Machakos. Mwaka 2023 mteja mmoja, simtaji, alinipa kazi ya kuandika programu ya simu ya kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo. Wanapiga picha, wanaweka bei, wanunuzi wanaangalia. Mteja akataka mioyo, na namba ionekane, "ili ichangamke". Nikaiweka kwa nusu saa. Kisha, bila kuulizwa na mtu, nikaandika mstari mmoja wa kupanga picha kwa wingi wa mioyo, walio juu wakae juu. Ilionekana ni akili ya kawaida.

Wiki ya tatu nikaona picha zinafutwa. Nilidhani ni hitilafu. Nikampigia mama aliyekuwa amefuta nyingi zaidi, nikamuuliza kama simu inamsumbua. Akasema hapana, amezitoa mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo sifuri ina maana kiondo changu ni kibaya?"

Huyo mama anasuka tangu kabla sijazaliwa. Nilisema kitu kama "hapana mama, ni mambo ya mtandao tu", nikakata simu nikaenda kufungua kumbukumbu za seva. Picha zake nyingi hazikuwa zimefunguliwa na mtu yeyote. Aliziweka siku moja baada ya wenzake, wenzake wakawa na moyo mmoja au miwili, mstari wangu ukampeleka chini, na kwa kuwa yuko chini hakuna aliyemfikia, na kwa kuwa hakuna aliyemfikia akabaki chini. Nilikuwa nimejenga ile dunia ya nyimbo 48 kwa mikono yangu mwenyewe, na jaribio lile nililisoma chuoni na nikapata alama nzuri! Facebook wenyewe posti ikikosa laiki hawaandiki sifuri, wananyamaza. Mimi niliiandika.

Nilipata faraja kidogo, nakiri, kujua kwamba waliokitengeneza kitufe nao hawakupona. Mwaka 2018 Leah Pearlman, ambaye alikuwa ameacha kazi Facebook na kuanza kuchora vibonzo, aliiambia BBC kwamba alifika mahali pa kujipimia thamani yake kwa laiki. Vibonzo vyake vilipoanza kupata chache, aliumia. Mwenzake Rosenstein mwaka 2017 alisimulia jinsi alivyomwambia msaidizi wake amfungie simu kwa mipangilio ya kuwadhibiti watoto, ili asiweze kupakua programu zaidi.

Nikaanza kutafuta wengine walitatuaje. Mwaka 2012 msanii Benjamin Grosser alitoa programu ya nyongeza ya kivinjari iliyofuta namba zote za Facebook: badala ya kuambiwa watu 16 wamependa, unaambiwa watu wamependa. Mwaka 2019 Instagram nao wakajaribu kuficha laiki, wakianza na Kanada, kisha nchi nyingine sita zikiwemo Brazil, Italia na Japani. Magazeti yakashangilia. Mei 2021 wakaishia kuifanya hiari, anayetaka afiche, na nyaraka zao za ndani zilizovuja mwaka huo zilionyesha kwamba majaribio hayo hayakubadilisha hali ya vijana kwa namna ya kuonekana.

Wengi walihitimisha kwamba basi namba haina shida. Mimi naona walisoma vibaya. Katika majaribio yale ya 2019 namba ilifichwa kwa watazamaji. Mwenye picha aliendelea kuiona yake. Yaani waliifunga pazia upande wa barabarani, wakakiacha kioo ndani ya nyumba. Yule mama hakusumbuliwa na kiondo cha mwenzake. Alisumbuliwa na sifuri yake.

Nikaenda kwa mteja na pendekezo la kuondoa namba kabisa. Akakataa, wanunuzi wanaipenda. Tukabishana wiki moja. Tulipokubaliana ni hapa: upangaji wa picha uwe wa zamu, kila kiondo kipate siku yake juu, wanunuzi waendelee kuona mioyo, ila msukaji, akiingia kwa akaunti yake, asione namba ya vyondo vyake, aone tu ujumbe wa anayeulizia bei. Kwa upande wa msimbo ilikuwa mistari mitano. Mama akarudisha picha zake zote.

Miezi miwili baadaye akanipigia. Nilidhani amekuja kushukuru.

"Mwanangu, ile namba yangu imeenda wapi?"

Nikamwambia ipo mama, nimeificha tu isikusumbue.

Akakaa kimya kidogo. "Na kile kikubwa cha mkonge chenye mistari ya rangi ya udongo, kimefika ngapi?"

Nikafungua hifadhidata. Kilikuwa na 14. Nikamwambia.