Hajui Kwamba, Hajui Kama: Jina la Vitenzi vya Hakika

Oktoba ikifika, korosho zikaanza kujaa kwenye maghala ya vyama vya msingi, hakuna kinachosomwa Newala kuliko ubao wa matangazo. Msimu mmoja nilisimama mbele ya ubao wa namna hiyo pamoja na wakulima watatu na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, aliyekuja kumsindikiza babu yake. Mnada wa Ijumaa ulikuwa umesogezwa mbele. Karani akatoka ofisini, akawatazama watu waliokuwa bado wanashusha magunia, akasema, “Wale hawajui kwamba mnada umeahirishwa.” Babu, ambaye ndiyo kwanza anafika na ubao hajauona, akamgeukia mjukuu: “Kasema hawajui kama mnada umeahirishwa?”

“Siyo kama, babu. Kwamba. Umeahirishwa.”

Mzee akashusha gunia lake kutoka kwenye baiskeli, akaliegemeza ukutani, akakaa juu yake. Hakuuliza tena.

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi huku Masasi na Newala, na kila mwaka tunafika kwenye somo la vitenzi vya kujua na kutilia shaka, na namna vinavyofuatwa na kishazi kinachoanza na “that” au “whether”. Vitabu hulipitia kwa haraka: hapa weka hiki, pale weka kile. Kijana yule alinionyesha kwamba jambo lenyewe tunalo mdomoni tangu utotoni. Karani hakutangaza lolote juu ya mnada. Alizungumzia watu wasiojua. Hata hivyo, neno “kwamba” lilitosha kumwambia kijana kuwa mnada umeahirishwa kweli. Angesema “hawajui kama”, habari ya mnada ingebaki hewani, na babu angekuwa na sababu ya kwenda kuuliza dirishani.

Wanaisimu wana jina la hali hii. Mwaka 1970 Paul na Carol Kiparsky walichapisha makala iliyoonyesha kwamba vitenzi vinavyobeba vishazi vya namna hii ni makundi mawili. Kuna vitenzi ambavyo msemaji akivitumia huwa amekwisha kukubali kwamba jambo lililomo ndani ya kishazi ni la kweli, na hata akikanusha kitenzi, jambo hubaki palepale. Na kuna vingine visivyobeba dhamana hiyo. Kundi la kwanza wakaliita “factive”, kutokana na neno lao la jambo lililo kweli.

Kipimo chake ni ukanushi, na mfano wake haujifichi kwa mtu wa kusini. Chukua mkulima aliyeuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayepita mitaani na bakuli lake, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwetu mwaka 2007. “Anajuta kwamba aliuza kangomba.” Aliuza. “Hajuti kwamba aliuza kangomba.” Aliuza vilevile. Sasa badilisha kitenzi: “Anadai kwamba aliuza kangomba.” Pengine aliuza, pengine anasingizia. “Hadai kwamba aliuza kangomba.” Hapo hatuna la kushika. Kujuta, kusahau, kugundua, kutambua na kujua viko upande mmoja. Kudai, kudhani, kuamini na kusema viko upande wa pili.

Kundi lile la kwanza tuliiteje kwa Kiswahili? Nimekaa na swali hili muda mrefu kuliko linavyostahili kwa macho ya wenzangu wa ofisi ya walimu, lakini mwanafunzi asiyepewa jina la kitu hukiona na kukipita. Jibu la kwanza linalomjia mtu ni “vitenzi vya yakini”. Ni neno zuri, lina uzito, na kila aliyekaa darasani chuoni au msikitini analijua. Lina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya darasani: sarufi yetu imekwisha kulitwaa. “Yakinishi” ni kinyume cha “kanushi”, kwa hiyo mwalimu atajikuta ameandika ubaoni “kitenzi cha yakini katika hali ya ukanushi”, na nusu ya darasa itapotea hapohapo. Ya pili ni nzito zaidi. Yakini hukaa moyoni mwa mtu. Mtu anaweza kuwa na yakini ya jambo la uongo, na wala hatutasema amekosea neno. Kipimo cha ukanushi hakiulizi moyo wa mtu una nini. Kinauliza kama jambo lenyewe liko.

Ndiyo maana nashika “vitenzi vya hakika”. Hakika iko kwenye jambo. Mzee akisema “hakika ya mambo ni hii”, hazungumzii imani yake, anaonyesha lilivyo. Nalipenda pia kwa sababu halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote pale kwenye ubao wa matangazo. Kishazi chenyewe kinachofuata nakiita kishazi kijalizo, kwa kuwa “kijalizo” limeshazoeleka katika vitabu vyetu vya sarufi na linasema kazi yake: linajaza pengo ambalo kitenzi kimeliacha. “Babu anajua…” Anajua nini? Pengo hilo.

Neno “kwamba” lenyewe lina ukoo wa kushangaza. Ni kitenzi kilichozeeka. “Kuamba” ni kusema. Tumebaki nacho katika “kuambia” na katika “ambaye”. Kwa hiyo tunaposema “najua kwamba”, ndani yake kuna mtu wa kale anayesema “najua kusema”. Lugha nyingi za Kibantu zilipita njia hiyo. Kichewa kina “kuti”, na mzizi wake “-ti” ni wa kusema. Na Kimakua, lugha ya jirani zetu na ya watu wengi wa Masasi wenyewe, kina “wiira”, kitenzi cha kusema na kutenda, ambacho ndicho hicho kinachoanzisha kishazi kijalizo.

Nikiwaeleza wanafunzi jambo hili, huwa nawatajia pia historia iliyo chini ya miguu yao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu na msafara wa watu waliokombolewa utumwani, wakapiga kambi Masasi na kuanzisha kijiji cha misheni. Steere huyo ndiye aliyekuwa ametoa kitabu cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mwenzake Chauncy Maples, aliyekuja mwaka uliofuata, akaandika mwongozo wa Kimakua uliochapishwa mwaka 1879. Katika kijiji kimoja chini ya milima ile ya mawe kulikuwa na Wamakua, Wayao na watu waliotekwa kutoka mbali zaidi, wakikutana katika Kiswahili. Kumfasiria mtu kile alichokijua mwingine, na kile alichokitilia shaka tu, ilikuwa kazi ya kila siku pale, na wakati mwingine usalama wa kijiji ulitegemea tofauti hiyo: mwaka 1882 Wangoni waliishambulia Masasi. Mjumbe anayekuja mbio akisema anajua kwamba wanakuja si sawa na yule anayesema hajui kama wanakuja.

Upande wa shaka ndiko Kiingereza kinakowaangusha wanafunzi wangu. Kitenzi cha Kiingereza cha kutilia shaka, “doubt”, huelekea kwenye hapana: anayekitumia anadhani jambo si kweli. Mwanafunzi hukifasiri kwa “nashuku” kisha akaongeza “kwamba”, na maana inageuka kabisa. “Nashuku kwamba karani amepunguza kilo” ni tuhuma; msemaji anaelekea kwenye ndiyo. “Nashuku kama karani amepunguza kilo” ni kusita; anaelekea kwenye siyo. Kitenzi ni kilekile, mzigo umebebwa na kiunganishi. Kiingereza hutumia vitenzi viwili kwa kazi hiyo. Zamani hakikuwa hivyo: katika zama za Shakespeare kitenzi hicho cha shaka kiliweza kumaanisha “nahofia kwamba”, karibu na tunavyosema sisi.

Lazima niseme pia mahali ambapo kamba inalegea. Katika mazungumzo, hasa ya pwani, utasikia “najua kama umechoka” na msemaji ana maana ya “najua kwamba umechoka”. Si kosa. Kitenzi cha hakika kikiwa hakijakanushwa, dhamana inatoka kwenye kitenzi chenyewe, na “kama” inaweza kukaa bila kudhuru. Tofauti inakaza kwenye ukanushi na kwenye swali, pale ambapo kitenzi peke yake hakitoshi. Na kwa vitenzi vya kudhani, ukanushi hupenda “kama” tu: “sidhani kama”. Ukisema “sidhani kwamba” watu watakuelewa, lakini watasikia kalamu ya mfasiri.

Kitenzi kimoja hukataa kukaa upande mmoja, nacho ni kusikia. “Nasikia mnada umeahirishwa” ni tetesi. Hakuna kiunganishi hata kimoja, na msemaji amejiweka mbali na habari yake. “Sikusikia kwamba mnada umeahirishwa” ni kitenzi cha hakika kamili: mnada umeahirishwa, mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Nawafundisha wanafunzi wavihesabu kuwa vitenzi viwili, kimoja cha sikio na kimoja cha mitaani. Siku ile wakulima waliokuwa wakishusha magunia walipokuja mwishowe kwenye ubao, mmoja wao alisoma, akamgeukia yule mzee aliyekuwa amekalia gunia lake.

“Mzee, mbona hukutuita? Hukusikia?”

“Nilisikia kwamba,” akasema.

Akawasogezea nafasi juu ya gunia.