Baada ya ritani ya kodi kuwasilishwa, siku za sheria huanza kuhesabiwa

WAFANYABIASHARA wengi wa Mwanza na vitongoji vyake huipokea Juni 30 kama siku ya kumalizana na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa wenye hesabu zinazofungwa Desemba 31, hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mapato ya mwaka uliopita. Hata hivyo, kisheria kuwasilisha ritani hakufungi jambo. Siku hiyo zinaanza kuhesabiwa siku nyingine, na anayezipuuza anaweza kupoteza haki ambayo hesabu zake zilikuwa zimemthibitishia.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imejengwa juu ya msingi wa mlipakodi kujikadiria mwenyewe. Takwimu alizoandika katika ritani huhesabiwa kuwa makadirio halali ya kodi yake mpaka TRA itakapoyabadilisha. Mwajiriwa ambaye mapato yake yote ni mshahara uliokwisha kukatwa kodi na mwajiri hahitajiki kuwasilisha ritani.

Salio na awamu

Jambo la kwanza ni kulinganisha kodi iliyoonekana katika ritani na kile kilichokwisha kulipwa. Kodi ya mwaka hulipwa kwa awamu nne, yaani Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa kufuata makadirio ya mwanzo wa mwaka.

Chukua mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika njia panda ya Usagara, wilayani Misungwi. Alikadiria kodi ya Sh milioni 4, akalipa Sh milioni 1 kila awamu. Hesabu za mwisho zinaonyesha kuwa kodi halisi ni Sh milioni 6. Salio la Sh milioni 2 linatakiwa kulipwa ifikapo Juni 30, tarehe ileile ambayo awamu ya pili ya mwaka mpya nayo inadaiwa. Asiyejiandaa kwa malipo hayo mawili huanza kudaiwa riba, nayo hulimbikizwa kila mwezi.

Mfanyabiashara huyo ana tatizo jingine. Sheria hutoza riba pale makadirio ya awali yanapokuwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi. Kwa kodi ya Sh milioni 6, mpaka huo ni Sh milioni 4.8, naye alikadiria Sh milioni 4. Dawa ni kurekebisha makadirio kabla mwaka haujaisha, mara tu biashara inapoonekana kupanda.

Aliyelipa zaidi, kwa mfano kupitia kodi ya zuio aliyokatwa na wateja wake, hana budi kuomba marejesho kwa maandishi na kuambatanisha vielelezo. Fedha hizo zinaweza pia kutumika kulipia kodi nyingine anayodaiwa.

Miaka mitano ya kutunza nyaraka

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Ndani ya muda kama huo TRA inaweza kuifungua tena ritani na kutoa makadirio mapya. Palipo na udanganyifu, kikomo hicho hakipo.

Hapa ndipo wafanyabiashara wa kanda ya ziwa hupata tabu. Mnunuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, huenda alilipa fedha taslimu kwa watu wengi wasio na risiti. Mkaguzi anapofika miaka mitatu baadaye, gharama isiyo na uthibitisho ni rahisi kukataliwa, na ikikataliwa faida huongezeka kwenye karatasi, na kodi vilevile. Risiti, daftari la manunuzi, taarifa za benki na za malipo kwa simu vihifadhiwe pamoja na nakala ya ritani na uthibitisho wa kupokelewa kwake.

Siku 30 za pingamizi

Makadirio mapya yakitolewa, mlipakodi asiyekubaliana nayo ana siku 30, tangu alipofikishiwa taarifa, kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, kwa maandishi na kwa kueleza sababu. Kwa hiyo ni muhimu kuhakikisha kuwa simu na anwani zilizosajiliwa pamoja na namba ya mlipakodi ni zake mwenyewe, si za mhasibu waliyekwisha kuachana naye.

Pingamizi halipokelewi bure. Sheria inataka ilipwe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi kisichobishaniwa, kipi kikubwa zaidi. Iwapo mwenye duka wa Usagara atakadiriwa Sh milioni 24 badala ya Sh milioni 6, theluthi ni Sh milioni 8, nacho ndicho kiwango kitakachozingatiwa. Anaweza kuomba Kamishna Mkuu apunguze au aondoe sharti hilo kwa sababu za msingi. Asipolipa wala kukubaliwa ombi hilo, makadirio husimama kama yalivyo.

Asiporidhika na uamuzi wa mwisho, hutoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, na kufungua rufaa katika Bodi ya Rufani za Kodi ndani ya siku 45 tangu alipopewa uamuzi huo. Juu yake lipo Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambako husikilizwa hoja za kisheria tu. Mbele ya Bodi, jukumu la kuthibitisha kuwa makadirio si sahihi ni la mlipakodi. Asiye na nyaraka huingia mikono mitupu.

Leseni na mwaka unaofuata

Mwenye kumbukumbu safi hupata cheti cha kutodaiwa kodi, ambacho huhitajika anapoomba leseni ya biashara, iwe katika Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela au Halmashauri ya Wilaya ya Misungwi. Deni dogo lililosahaulika Juni laweza kukwamisha leseni siku inapohitajika.

Kwa ufupi, mlipakodi alipe salio, ahakiki awamu zilizobaki, ahifadhi nyaraka kwa miaka mitano na asome kila taarifa ya TRA siku anayoipokea. Haki ya kupinga ipo, ila ina tarehe ya mwisho.