Mahakama Iliyokufa na Hukumu Zinazoishi: Rufaa ya Kikanda Afrika Mashariki, 1902 hadi Leo

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mjadala ulihusu reli, ndege na bandari. Kuhusu mahakama ya pamoja yalisemwa machache, pengine kwa kuwa mahakama haina mabehewa ya kugawana. Hata hivyo, hukumu za mahakama hiyo zimedumu kuliko mashirika mengi ya Jumuiya ya wakati ule. Makala haya yanafuatilia historia na muundo wake, yakidai kuwa nguvu yake ilitokana na mashauri ya kawaida ya watu wa kawaida, eneo ambalo mrithi wake wa Arusha hajapewa.

Mwanzoni rufaa kutoka mahakama za Kiingereza za Zanzibar na pwani zilivuka bahari hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Jambo hilo halikuwa la ajabu, kwani sheria nyingi zilizotumika pwani, zikiwemo za mikataba na ushahidi, zilitoka India. Amri ya Kifalme ya mwaka 1902 ndiyo iliyounda mahakama ya rufani ya kikanda kwa himaya za Afrika Mashariki, Uganda na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Zanzibar na Tanganyika ziliingia baadaye, na kwa kipindi fulani hata Aden na Shelisheli.

Muundo wa awali ulikuwa dhaifu. Mahakama haikuwa na majaji wake wa kudumu. Majaji wa mahakama kuu za himaya walikutana na kusikiliza rufaa dhidi ya hukumu za wenzao. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1950 tu ilipopata Rais na majaji wa rufani wa kudumu. Makao yalikuwa Nairobi, lakini majaji walisafiri na kuketi katika miji mikuu mingine. Utaratibu huo wa kuifuata rufaa ilikotoka unastahili kukumbukwa na wanaopanga bajeti za mahakama za kikanda leo. Juu yake kulikuwa na Baraza la Faragha mjini London.

Hakuna sababu ya kuipamba mahakama hii. Ilikuwa chombo cha dola ya kikoloni, na katika miaka ya Hali ya Hatari nchini Kenya ilifanya kazi ya dola hiyo. Rufaa ya Dedan Kimathi ilitupwa mwezi Desemba 1956, naye akanyongwa Februari 1957. Jambo la kuuliza ni kwa nini mataifa huru yaliamua kubaki na chombo chenye kumbukumbu kama hiyo.

Jibu moja ni uhaba wa majaji wenyeji. Lingine ni kwamba mahakama ilibadilika. Nchi wanachama zilipokata rufaa za London katika miaka ya 1960, na Mkataba wa 1967 ukaiweka ndani ya Jumuiya, Nairobi ikawa ndiyo kauli ya mwisho. Katika shauri la Dodhia, lililoamuliwa mwaka 1970 chini ya Rais Charles Newbold, mahakama ilitamka kuwa haikufungwa tena na hukumu za Baraza la Faragha, wala haikulazimika kufuata hukumu zake yenyewe bila kujali mazingira. Huo ulikuwa uhuru wa kisheria uliotangazwa bila gwaride.

Mwaka huohuo, hata hivyo, mipaka yake ilionekana. Katika shauri la Okunda, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa sheria ya Jumuiya iliyogongana na Katiba ya Kenya haikuwa na nguvu. Jumuiya ilikata rufaa, na mahakama ya Jumuiya yenyewe ikakubaliana na Kenya. Kisheria uamuzi ulikuwa na mantiki, maana mahakama ilikuwa ikisikiliza rufaa kama ngazi ya juu ya mfumo wa Kenya. Kisiasa, ulionyesha kwamba ngazi hiyo iliegemea kuta za wenye nyumba.

Kuta zilipoondolewa mwaka 1977, ngazi ilianguka. Kenya na Uganda ziliunda mahakama zao za rufani mwaka huohuo. Tanzania iliunda yake mwaka 1979. Lakini mawakili hawakuacha kuzisoma hukumu za zamani. Shauri la Mukisa Biscuit la 1969 bado ndilo linalotajwa pale mdaawa anapoleta pingamizi la awali, iwe Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Giella dhidi ya Cassman Brown la 1973 linaendelea kutoa vigezo vya zuio la muda nchini Kenya, na Okeno la 1972 linaeleza wajibu wa mahakama ya rufaa ya kwanza kupima upya ushahidi. Si mashauri ya kisiasa haya. Ni biskuti na washtakiwa wa jinai, na ndiyo maana yanarudi mahakamani kila wiki.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Novemba 2001, ni chombo cha aina nyingine. Inatafsiri Mkataba wa 1999, na mwananchi anaweza kuishtaki serikali yake humo moja kwa moja, jambo lisilokuwepo katika mahakama ya zamani. Mwaka 2006, katika shauri la Anyang' Nyong'o, ilizuia kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki. Wakuu wa nchi walijibu upesi: ndani ya wiki chache marekebisho ya Mkataba yalipitishwa, yakaigawa mahakama katika Divisheni ya Mwanzo na ya Rufani, yakaongeza sababu za kumwondoa jaji, na kuweka ukomo wa miezi miwili kwa mwananchi kufungua shauri. Divisheni ya Rufani ilikuwa faida ya kweli, ingawa ilizaliwa kwa hasira. Mwaka 2008 mahakama hiyohiyo ilisema kuwa kutowashirikisha wananchi katika marekebisho hayo kulikiuka Mkataba, lakini haikuyafuta.

Ibara ya 27(2) inaruhusu mamlaka yake yapanuliwe hadi rufaa kwa itifaki. Wanaoitetea hatua hiyo hutaja enzi ya Nairobi, lakini enzi ile ilihudumia nchi zenye mapokeo ya sheria ya Kiingereza. Rwanda na Burundi, zilizojiunga mwaka 2007, pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, zina mapokeo ya Kibelgiji na Kifaransa. Wakili wa Bujumbura au Goma hakulelewa na Mukisa Biscuit. Itifaki yoyote ya rufaa italazimika kueleza ni sheria za aina gani zitakazosikilizwa Arusha, na kama sheria za forodha na biashara, ambazo tayari ni za pamoja, zianze peke yake.