Mkokoteni unaofundisha safari ya wazee

Katika jimbo la Wyoming, nchini Marekani, wakati wa joto vijana wa kanisa la Wamormoni huacha simu zao na kuvuta mikokoteni ya mbao kwa siku tatu au nne. Wanavaa nguo za kizamani na kulala porini. Wanataka kuonja kidogo safari ya wazee wao.

Safari zile zilianza mwaka 1856. Wahamiaji maskini, wengi wao kutoka Uingereza na Skandinavia, walifika Iowa City kwa treni, na reli ikaishia pale. Hawakuwa na pesa za kununua magari ya kukokotwa na ng'ombe. Basi walivuta mikokoteni kwa mikono hadi Salt Lake City, karibu kilometa 2,100. Mtu mzima aliruhusiwa mzigo wa karibu kilo 8 tu, nguo na blanketi zikiwa ndani yake. Hadi mwaka 1860 watu karibu 3,000 walisafiri hivyo, na vikundi vingi vilifika salama.

Lakini vikundi viwili vya 1856, cha Willie na cha Martin, vilichelewa kuondoka. Mikokoteni yao ya mbao mbichi ilivunjika njiani. Unga ukapungua, na mwezi wa 10 theluji ikawakuta. Kati ya watu karibu 1,000, zaidi ya 200 walikufa. Waliobaki waliokolewa na wakaaji wa Salt Lake City, waliopakia chakula na nguo, wakaenda kuwatafuta.

Vijana wa leo wana maji ya kutosha na siku ya kurudi nyumbani inajulikana. Njaa ile hawaijui. Hata hivyo, kuna mlima ambapo wavulana hukaa pembeni, na wasichana huvuta peke yao. Pale mikono inaelewa kile ambacho kitabu kinasema kwa neno moja tu: "walivuka".

Ndipo yanakuja maswali. Nani aliamua waondoke wakati umeshapita? Na ile nchi waliyofikia, ambayo tayari ilikuwa na Wayute na Washoshoni, ilikuwa ya nani? Kuheshimu wazee si kuficha makosa yao.

Familia zilizokimbia vita hapa Kivu hazihitaji kuigiza safari. Uzito wa mzigo kichwani, na wa chukudu kwenye kilima, wanaujua. Kinachoweza kupotea ni habari yenyewe. Safari ya 1856 inajulikana leo kwa sababu baadhi ya waliotembea waliandika. Mtoto aliyebebwa mgongoni hatakumbuka njia. Amuulize mama yake mapema: mlipita wapi, mlilala wapi, nani aliwafungulia mlango? Majibu yaandikwe katika daftari, pamoja na majina ya waliobaki njiani.