Maporomoko ya theluji

Maporomoko ya theluji ni kuanguka kwa ghafla kwa theluji nyingi kutoka mteremko wa mlima. Hutokea katika milima yenye theluji nyingi, kama vile Alpi, Himalaya, Andes na Milima ya Rocky. Theluji kavu inayoporomoka huweza kufikia mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Ikisimama hukazana mara moja, kiasi kwamba mtu aliyefukiwa kwa kawaida hawezi kujitoa mwenyewe.

Sababu

Theluji ya mlimani hulala kwa matabaka, kila tabaka likitokana na mvua ya theluji, upepo au baridi ya siku fulani. Hatari kubwa hutokea pale tabaka gumu linapokaa juu ya tabaka dhaifu lenye chembe zisizoshikana. Uzito mdogo, hata wa mtu mmoja, huweza kulivunja tabaka hilo la chini. Ufa husambaa haraka, na tabaka la juu huteleza lote kama bamba. Maporomoko ya aina hii ndiyo yanayoua wasafiri wengi zaidi.

Maporomoko ya bamba hutokea hasa kwenye miteremko yenye nyuzi 30 hadi 45. Penye mwinamo mdogo zaidi theluji haitelezi kwa urahisi. Penye mwinamo mkali zaidi humwagika kidogo kidogo kabla ya kurundikana. Hata hivyo, mtu aliye mahali tambarare chini ya mteremko anaweza kufikiwa.

Upepo huongeza hatari kwa kuhamisha theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili. Vivyo hivyo joto la ghafla au mvua hulegeza theluji.

Dalili za hatari

* maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani
* nyufa zinazokimbia mbele ya miguu
* mlio mzito wa theluji kudidimia inapokanyagwa
* theluji nyingi iliyoanguka katika saa 24 zilizopita

Kukosekana kwa dalili hizi si uthibitisho wa usalama, kwa kuwa tabaka dhaifu halionekani kwa juu. Nyayo za watu waliotangulia pia si uthibitisho.

Ngazi za hatari

Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya hutumia kipimo kimoja chenye ngazi 5, kuanzia hatari ndogo (1) hadi hatari kubwa sana (5). Nchini Uswisi taarifa hutolewa na taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos. Vifo vya wasafiri hutokea zaidi siku za ngazi ya 3: katika ngazi za juu zaidi wengi hubaki nyumbani, lakini ngazi ya 3 huonekana ya katikati tu, ingawa mtu mmoja anaweza kusababisha maporomoko.

Ngazi za juu huhusu pia vijiji na barabara. Tarehe 23 Februari 1999 maporomoko yaliua watu 31 katika kijiji cha Galtür, Austria.

Uokoaji

Katika ajali nyingi za wasafiri, maporomoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake. Waliofukiwa kabisa wakifukuliwa ndani ya dakika 10, takriban 9 kati ya 10 huwa hai. Baada ya dakika 30 ni takriban 3 kati ya 10. Wengi hufa kwa kukosa hewa.

Kwa hiyo mwokozi wa kwanza ni mwenzi wa safari, kwani kikosi cha uokoaji mara nyingi huchelewa kufika. Kila msafiri hubeba kifaa cha redio kinachotoa na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, fimbo ndefu ya kupima mahali mtu alipo chini ya theluji, na koleo. Wasafiri huvuka mteremko wa hatari mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Vifaa havizuii maporomoko. Kinga kuu ni kuuepa mteremko wenyewe.