Kutengeneza Chombo Kikuukuu: Kalemie na Meli za Ziwa Tanganyika, 1914–1927

Asemaye kwa Kiswahili kwamba fundi "ametengeneza" chombo hajamweleza msikilizaji kama chombo hicho kimeundwa upya ama kimerekebishwa tu baada ya kuharibika. Kitenzi ni kimoja, na maana zote mbili hukaa ndani yake bila ugomvi. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa upungufu wa msamiati. Hata hivyo, historia ya vyombo vya Ziwa Tanganyika, hasa vile vilivyopitia Kalemie, mji uliojulikana kwa jina la Albertville wakati wa Wabelgiji, inadhihirisha kwamba mpaka kati ya kuunda na kurekebisha ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Hapakuwa na njia ya maji ambayo meli kubwa ingeweza kuifuata kutoka baharini hadi ziwani. Kila meli ya chuma ililetwa vipande vipande na kuungwa ufukoni; na mikono iliyojua kuunga bati la meli kwa ribiti ndiyo mikono iliyojua kuziba tundu lake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wabelgiji walikuwa na meli moja ndogo ya mvuke ziwani, Alexandre Delcommune. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliishambulia karibu na mlango wa mto Lukuga na kuifanya isifae kwa safari. Katika Kalemie vilikuwapo pia vipande vya meli kubwa zaidi, Baron Dhanis, lakini havikuunganishwa, maana meli iliyo nusu ufukoni haiwezi kuukimbia mzinga. Ikumbukwe kwamba reli ya kutoka Kabalo, penye mto Lualaba, ilifika ziwani mwaka 1915 tu. Delcommune ilitengenezwa baadaye na kupewa jina jipya la Kifaransa, Vengeur, yaani mlipiza kisasi. Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa na mwanaisimu: chombo kilichorekebishwa hakikurudishiwa jina lake. Desturi hiyo itaonekana tena na tena katika ziwa hili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Kingani. Mwishoni mwa mwaka 1915 Waingereza walifikisha ziwani motaboti mbili, Mimi na Toutou, baada ya safari ya reli kutoka Cape Town, ya kuvutwa juu ya milima ya Mitumba, ya mto Lualaba, na ya reli tena hadi Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 motaboti hizo ziliikamata Kingani ya Wajerumani. Kombora lilikuwa limeitoboa, na ilipofikishwa pwani ya Wabelgiji ilizama katika maji machache. Iliinuliwa, ikazibwa tundu, ikawekewa mzinga mkubwa kuliko ule wa awali, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, siku 45 tu baada ya kutekwa, Fifi ilishiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann, mwenzake wa zamani. Ubavu ulikuwa uleule; mzinga, bendera, jina na adui ndivyo vilivyobadilishwa.

Waandishi wa Ulaya waliosimulia habari hizi wamependa mno vituko vya kamanda wa Kiingereza, Geoffrey Spicer-Simson, pamoja na michoro ya mwilini mwake na vazi lake lililofanana na sketi. Vituko hivyo ni vya kweli, na vinachekesha. Lakini msomaji hufika mwisho wa kisa bila kujua ni nani waliokata kuni za kulisha magari ya mvuke yaliyokokota motaboti, wala ni nani walioiinua Kingani kutoka majini. Mamia ya Waafrika walifyeka njia na kujenga madaraja ili motaboti zipite, nao wametajwa kwa idadi tu, si kwa majina. Chuo chochote kilicho karibu na ziwa kingekuwa na kazi ya kutosha kuyatafuta majina hayo katika masimulizi ya familia, kabla hayajapotea kabisa.

Upande wa pili, Kigoma, kulikuwa na Graf von Götzen. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, kisha ikaungwa upya Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha kwa makusudi. Mafundi walioizamisha walikuwa wamekwisha kuzipaka injini mafuta mazito ili maji yasizile. Pengine hicho ndicho kitendo cha ufundi chenye busara kuliko vyote katika vita hivyo, kwa kuwa kilifanywa na watu waliokuwa wakishindwa. Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, ikazama tena. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na kukuta kwamba injini na matangi ya mvuke bado yanafaa. Mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alikuwa amelisikia mwaka 1867 kwa watu wa kusini ya ziwa, likiwa jina la ziwa lenyewe.

Injini zile za mvuke zilidumu hadi miaka ya 1970, ndipo zikaondolewa na kuwekwa za dizeli. Mwaka 1993 meli ilikarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Neno "kukarabati" lenyewe limeenea sana katika maandishi ya serikali ya Tanzania. Katika Kiswahili cha Kongo, fundi huendelea kutengeneza, na chombo akitengenezacho huitwa masuwa hata kikiwa kikubwa, ingawa pwani ya Bahari ya Hindi mashua ni chombo kidogo. Mwaka 1997 maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa Kigoma walivushwa na Liemba kurudi kwao, ndani ya mabati yaleyale yaliyotiwa makashani Papenburg mwaka 1913.